Kozi mseto: wiki ya kwanza walikuwa 46, wiki ya nne wamebaki 9. Wamekwenda wapi?

#1 Chaki Mbili

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu huku Kanda ya Ziwa. Muhula huu idara imenikabidhi kozi ya takwimu za msingi kwa walimu wa shule za msingi wanaojiendeleza huku wakiwa kazini. Nikaambiwa niiendeshe kwa mtindo wa mseto: tukutane ana kwa ana Jumamosi 3 tu, wiki ya 1, ya 5 na ya 10. Katikati hapo kila kitu kiwe mtandaoni, kwenye Moodle ya chuo (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni).

Msinione mzembe, nilijipanga. Likizo nzima nilikuwa narekodi video sebuleni usiku familia ikishalala. Nimepakia mihadhara 8, slaidi, pdf za kusoma, jukwaa la majadiliano, na maswali ya kujipima ya kila wiki.

Sasa angalieni. Wiki ya 1 waliingia wote 46. Wiki ya 2 waliingia 31. Wiki ya 3, 14. Wiki hii ya 4 nimefungua kumbukumbu za mfumo nakuta majina 9. Na kwenye jukwaa, swali langu la "Ni wakati gani wastani unaweza kukudanganya?" limepata majibu 12, na 10 kati ya hayo yameandikwa "Nakubaliana na mwenzangu hapo juu." Wa kwanza kabisa naye kaandika hivyohivyo. Hapo juu yake nipo mimi na swali.

Jumamosi ijayo ndiyo wiki ya 5, tunakutana. Nipeni akili. Nimekosea wapi?

#2 ngoja_waje

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ngoja waje wataalamu.

#3 Kitochi95

Bando. Uzi ufungwe.

#4 Pweza wa Nchi Kavu

9 kati ya 46 ni wengi hao mkuu. Mimi nafundisha ana kwa ana, darasani wapo 60, wanaonisikiliza 7, na wawili kati ya hao 7 wanasubiri nimeze mate waombe ruhusa ya kutoka.

#5 Fundi Mitambo

Chaki Mbili, kabla watu hawajaanza kukupa nadharia, nijibu mambo mawili. Video moja ina dakika ngapi na MB ngapi? Na siku ile ya kwanza waliingia wakiwa wapi, na paswedi nani aliwatengenezea?

#6 Chaki Mbili

Fundi, video ya wiki ya 2 ni dakika 48, MB 210. Nyingine zinacheza humohumo. Siku ya kwanza tulikuwa maabara ya kompyuta pale chuoni, na fundi wa maabara aliwafungulia wote imeili mpya, kwa sababu wengi hawakuwa nazo au hawakuzikumbuka. Zoezi lilikwenda vizuri sana, hata picha tulipiga.

#7 Fundi Mitambo

Basi mimi nimeshaona. Nasimamia mfumo kama huo kwenye chuo kingine, na hadithi hii ninayo kila Oktoba.

Hao 46 wa wiki ya 1 uwafute, maana hawakuingia, waliingizwa. Walikuwa kwenye kompyuta za chuo, intaneti ya chuo, na mtu amesimama nyuma ya kiti. Mwanzo halisi wa kozi yako ni wale 31. Hao 15 waliopotea kati ya wiki ya 1 na ya 2 nakuhakikishia wengi wao wamekwama mlangoni. Mtu amerudi nyumbani, kachukua simu, kaandika namba ya usajili yenye mikwaju mitatu katikati, paswedi imegoma. Anabonyeza "nimesahau", mfumo unamwambia tumekutumia kiungo kwenye imeili yako. Imeili ipi? Ile iliyofunguliwa na fundi wa maabara, ambayo paswedi yake iliandikwa nyuma ya karatasi ya mahudhurio, na karatasi unayo wewe. Hapo mtu mzima wa miaka 44, mwalimu mkuu msaidizi, atakupigia simu kukwambia hajui kufungua? Thubutu! Ananyamaza.

La pili, ukubwa. 210 mara 8 ni MB 1,680. Sauti peke yake kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 10 haifiki hata MB 5. Weka sauti fupi na pdf ya kurasa 4 yenye michoro, uone.

#8 Kitochi95

Si nimesema bando? Post #3. Nataka heshima yangu.

#9 Mwalimu wa Machakos

Salamu kutoka Kenya. Bando ni sababu, lakini msiifanye iwe sababu ya kila kitu. Hapa kwetu, chuo ninachofundisha kilipata mfadhili akatulipia data ya wanafunzi muhula mzima. Waliisha vilevile! Polepole kidogo, lakini waliisha.

Shida yetu tuliigundua tulipokaa chini na kuhesabu saa. Kozi ya zamani ilikuwa na saa 3 za darasa kwa wiki na pengine saa 2 za kusoma mwenyewe. Tulipoigeuza kuwa mseto hatukutoa kitu, tuliongeza tu. Muhadhara ule ule ukawa video, na juu yake kusoma, jukwaa, maswali ya kujipima, kazi ya kikundi. Mwanafunzi alikuwa anafanya kozi moja na nusu na kupata cheti cha kozi moja. Chaki Mbili, chukua kalamu, andika wiki yako ya 3: video dakika 48, kusoma kurasa ngapi, jukwaa dakika ngapi. Kisha kumbuka mtu huyo ana vipindi vyake, ana daftari 70 za kusahihisha, na ana watoto.

#10 Chaki Mbili

Mwalimu wa Machakos, nimeandika. Wiki ya 3: video 48 + pdf kurasa 31 + jukwaa + maswali 20. Nimepata kama saa 5 na nusu kwa mtu msomaji mzuri. Mtaala unasema saa 3. Sina cha kujitetea.

#11 Daladala Tupu

Tatizo ni kwamba haya mambo yameletwa na Corona. 2020 vyuo vilifungwa Machi, kila mtu akakurupukia Zoom, vikafunguliwa Juni tukabaki na mabaki. Mseto si utamaduni wetu, sisi ni watu wa ana kwa ana.

#12 Bibi Ubao

Daladala Tupu, mwanangu, hapo umeteleza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianza 1994, hiyo Corona haijazaliwa. Wanafunzi wake walisoma kwa vitabu vilivyotumwa, wakakutana na walimu vituoni kwa siku chache, na mitihani wakafanyia mikoani.

Tena twende nyuma zaidi. 1973 nilikuwa binti wa miaka 19, kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Jioni tunakaa chini ya mwembe na redio ya betri. Kipindi kinatoka Radio Tanzania Dar es Salaam, tunasikiliza kimya. Kikiisha nazima redio, nafungua kijitabu, anayejua kusoma anasomea wenzake kwa sauti. Halafu maneno: hapa kijijini kwetu mbu wanazaliwa wapi? Choo cha fulani kikoje? Na haikuishia kwenye maneno, wiki hiyohiyo tunafyeka nyasi, tunafukia dimbwi, tunachimba choo. Nchi nzima walishiriki watu karibu milioni 2. Hakukuwa na simu janja hata moja.

Huo si mseto? Redio kwa mbali, kijitabu mkononi, kikundi ana kwa ana.

#13 Mkaguzi Mstaafu

Bibi Ubao, shikamoo. Sahihisho dogo: Chuo Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kikaanza kazi Machi 1993. Januari 1994 ndipo kilipozinduliwa rasmi. Mengine yote uko sawa, ila kichocho nacho kilikuwemo kwenye kampeni, umekisahau.

#14 Bibi Ubao

Marahaba. Umesema kweli, 1994 ninayoikumbuka ni ya sherehe. Kichocho sijakisahau, sikutaka kuharibu chakula cha watu.

#15 Dokta Kalamu

Uzi mzuri. Niongeze upande wa tafiti. Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa uchambuzi mkubwa 2009 uliokusanya tafiti nyingi, ukaonyesha kwamba wanaosoma kwa mseto walifanya vizuri kuliko wa darasani peke yake. Kwa hiyo mbinu yenyewe haina tatizo, tatizo ni utekelezaji. Pia 2014 watafiti walichambua mamilioni ya utazamaji wa video za edX (tovuti ya kozi za mtandaoni) wakakuta watu hutazama kama dakika 6 tu, hata video iwe ndefu vipi. Mkuu, dakika 48 ni mazishi.

#16 Mwalimu wa Machakos

Dokta, uchambuzi huo nimeusoma, na wenyewe walionya. Kwenye tafiti nyingi kati ya hizo, kundi la mseto lilipewa muda zaidi na nyenzo zaidi kuliko kundi la darasani. Kwa hivyo huwezi kusema mseto ndio ulioshinda, pengine muda ndio ulioshinda. Ukimpa mtoto sahani mbili za ugali akashiba, usisifu sahani.

#17 Dokta Kalamu

Nakubali, hilo limo ndani ya ripoti. Ila linakugeukia wewe mwenyewe: kwenye #9 ulisema muda mwingi ndio ulioua kozi. Hapa muda mwingi ndio ulioifanikisha. Chagua.

#18 Pweza wa Nchi Kavu

Aiseee. Karanga zimekuwa tamu ghafla.

#19 Mwalimu wa Machakos

Sichagui. Muda mwingi unasaidia kama mtu anao. Hao walimu wa Chaki Mbili hawana. Na hizo dakika 6 nazo zinapima mtu ametazama kwa muda gani. Hazisemi ameelewa nini. Halafu wengi wa watazamaji wale walikuwa kwenye kozi za bure mtandaoni, wanaingia na kutoka kama sokoni.

#20 Mtoto wa Mlandege

Assalaam alaykum. Miye nasomesha skuli huku Unguja, na nilishawahi kuendesha kozi ya mseto kwa walimu wenzangu. Nimesoma kote huku, nikaona kuna suala halijaulizwa. Chaki Mbili, hiyo Jumamosi ya wiki ya 5, mkikutana, umepanga kufanya nini?

#21 Chaki Mbili

Waalaykum salaam. Nilipanga kupitia upya mada za wiki ya 2 hadi ya 4 ubaoni, kwa sababu wengi hawajatazama video.

#22 Mtoto wa Mlandege

Basi ndo hapo ulipoiua.

Angalia kwa macho ya mwanafunzi. Yule aliyejinyima, akanunua bando, akakesha na video yako ya dakika 48, Jumamosi anakuja kusikia yaleyale. Kapata hasara. Yule aliyelala anakuja anapewa bure. Kapata faida. Na walimu ni watu wazima, wanajua kuhesabu, tena wewe unawasomesha takwimu! Nakwambia walishajua toka wiki ya 2 kwamba mwalimu atarudia. Nawe pengine uliwaambia kwa mdomo wako.

Miye kosa hilo nililifanya mara mbili. Mara ya tatu niligeuza: ya mtandaoni ikawa ndiyo mtaji wa darasani. Kila mmoja aje na namba zake, mahudhurio ya wanafunzi wa darasa lake kwa wiki tatu, ameziandika mwenyewe. Darasani hatufunguwi mada, tunafunguwa namba zile. Asiye na namba hana la kufanya siku nzima ila kutizama wenzake. Sikumgombeza mtu. Aibu ilitosha.

#23 Chaki Mbili

Ni kweli nilisema. Wiki ya 1, mwisho kabisa, watu wamesimama wanachukua mikoba: "Msiogope, tutapitia tena tukikutana." Nilikuwa nawatia moyo!

#24 Pweza wa Nchi Kavu

Uliwatia moyo wa kulala.

#25 Mkaguzi Mstaafu

Hoja ya Mtoto wa Mlandege ni nzuri lakini ina ukatili wake. Fundi ametuambia kuna watu wamekwama mlangoni kwa paswedi. Hao nao utawaacha watazame wenzao siku nzima? Hapo adhabu inamwangukia asiye na mtandao, mvivu wa kweli atanakili namba za jirani.

#26 Mtoto wa Mlandege

Sahihi. Ndo maana namba zile hazikuhitaji mtandao. Ziko kwenye daftari la mahudhurio la skuli yake. Mtandao ulikuwa wa kuelekezwa tu nini cha kukusanya, na maelekezo yakienda hata kwa SMS yanatosha.

#27 Dokta Kalamu

Hii inafanana na darasa la kugeuza la Bergmann na Sams, walimu wa kemia Colorado. 2007 walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wanakosa vipindi kwa michezo na safari, shule yao ilikuwa mbali na nyingine. Baadaye wakaona: kama maelezo yapo kwenye video, kwa nini darasani turudie? Darasani tufanye mazoezi mwalimu akiwepo. Sisi tunachukua nusu ya kwanza tunaiacha ya pili.

#28 Daladala Tupu

Colorado, Colorado. Hizi Moodle na video wametengeneza watu ambao umeme haujawahi kukatika kwao. Wanatuuzia sisi.

#29 Fundi Mitambo

Daladala Tupu, leo umeamka na mguu gani? Moodle haiuzwi, ni programu huria, chuo kinaipakua bure (mimi ndiye ghali). Na aliyeianzisha, Martin Dougiamas, ni mtu wa Australia aliyekulia jangwani huko Australia Magharibi, akasoma shule ya msingi kwa redio ya upepo, na vitabu vinaletwa kwa ndege. Toleo la kwanza lilitoka Agosti 2002. Moodle ina hata programu ya simu inayokuruhusu kupakua somo ukiwa na mtandao na kulisoma ukiwa huna. Chaki Mbili, uliwaonyesha hiyo siku ya kwanza?

#30 Chaki Mbili

Hapana. Tulitumia kompyuta. Sikufikiria simu kabisa, mimi mwenyewe kila kitu nilikijaribu kwenye laptopu.

#31 Fundi Mitambo

Kesho fungua kozi yako kwa simu ya mkeo, si yako, kwa bando lake. Kisha rudi hapa.

#32 Mzigo Umefika

Wakuu nina stendi za simu za kurekodia video, taa ya duara, na maiki ya kubana kwenye kola. Bei ya kutupa. Mwalimu utang'aa.

#33 Pweza wa Nchi Kavu

Mzigo Umefika, mwenzio ana watazamaji 9. Akinunua taa watabaki wanamwona vizuri wote 9.

#34 Nesi wa Zamu

Habari zenu. Mimi ni upande wa mwanafunzi. Nilijiendeleza kutoka cheti kwenda stashahada kwa mseto, nikiwa zamu za usiku wodi ya wazazi, na mtoto wa miezi 8. Nilimaliza. Katika kundi letu hawakumaliza wengi.

Niwaambie kilichonibakiza, na hakimo kwenye post zenu zote. Wiki ya 3 nilikosa kazi ya kwanza. Ilitakiwa Ijumaa saa 12 jioni, na mimi saa 12 ndiyo nakabidhiwa wodi. Nikajisemea ndiyo basi, nimeshatoka. Jumatatu asubuhi ikaja SMS ya kawaida: "Zuhura" (si jina langu), "sijaona kazi yako. Umekwama wapi?" Maneno matano, sita. Nilikuwa kwenye daladala, nililia. Nilijibu, akanisogezea hadi Jumapili usiku, na toka hapo sikukosa tena.

Baadaye nilijua alikuwa na daftari tu, Jumatatu anapitia majina, asiyeonekana anatumiwa. Si mfumo. Mfumo wenyewe ulikuwa ukinitumia ujumbe kila siku, nilishauzima.

#35 Dokta Kalamu

Nesi, hongera. Gilly Salmon, aliyeandika kuhusu kuongoza madarasa ya mtandaoni mwaka 2000, ana ngazi 5. Ngazi ya kwanza ni kuingia na kutiwa moyo, ya pili ni kuzoeana. Kubadilishana habari ni ya tatu, na kujenga maarifa kwa majadiliano ni ya nne. Chaki Mbili aliwauliza swali la ngazi ya 4 watu ambao hawajapanda ya 1. "Nakubaliana na mwenzangu" ndiyo sauti ya mtu aliye ngazi ya chini akiitwa juu.

#36 Mkaguzi Mstaafu

Au ni sauti ya mtu anayejua jukwaa halina alama. Chaki Mbili, kwenye alama 40 za maendeleo, mtandaoni kuna ngapi?

#37 Chaki Mbili

Sifuri. Jaribio la darasani 20, kazi ya kuandika 20. Idara ilikataa alama za mtandaoni, wanasema huwezi kujua nani kafanya.

#38 Mkaguzi Mstaafu

Basi mimi nimemaliza.

#39 Nesi wa Zamu

Sisi alama zilikuwepo, na watu waliondoka vilevile. Alama zilitufanya tuandike "Nakubaliana na mwenzangu" kwa urefu zaidi.

#40 Bibi Ubao

Hao wanafunzi si ndio walimu wenye MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwao? Wanakutana kwenye zile Jumuiya za Ujifunzaji. Kwa nini kozi isipandishwe humo? Wawili, watatu wa shule au kata moja wanakaa pamoja, simu moja, video moja, bando la kuchangia. Mwembe ule ule.

#41 Kitochi95

Wakuu, acha nivunje siri, hata kama nitapigwa.

Mimi ni mwanafunzi wa kozi ya namna hii (si ya Chaki Mbili, fani nyingine). Mkufunzi wetu naye analalamika hatuingii. Ukweli ni huu: kwetu anaingia mtu MMOJA. Tunamwita Mpakuaji. Ana intaneti ofisini kwake. Jumatatu anaingia, anapakua kila kitu, video anazipunguza ukubwa, anazirusha kwenye kundi la WhatsApp. Mkufunzi hayumo. Humo ndimo watu wanauliza, "jamani hii ya ukurasa wa 7 imetokaje", mwingine anajibu kwa sauti ya dakika 2, kwa Kiswahili, wakati mwingine kwa Kisukuma. Saa 5 usiku kundi linawaka moto. Kwenye mfumo tunaonekana tumekufa.

Kwa hiyo Chaki Mbili, hao 9 huenda si waliobaki. Huenda ni wapakuaji.

#42 ngoja_waje

Karanga zimeisha. Nani anauza?

#43 Dokta Kalamu

Kama ni hivyo, takwimu zote za #1 zinapima mfumo, hazipimi kusoma. Na hapa sote tumejadili post 40 tukieleza sababu za jambo ambalo labda halikutokea.

#44 Fundi Mitambo

Taratibu Dokta. Kundi la Kitochi ni kundi la Kitochi. Za Chaki Mbili hatuzijui. Mkuu, kumbukumbu zinaonyesha saa: hao 9 wanaingia saa ngapi, na wanakaa muda gani?

#45 Chaki Mbili

Nimeangalia. 5 wanaingia kati ya saa 5:50 usiku na saa 7, bando la usiku hilo. 3 wanaingia saa za kazi, wanapakua kila kitu chini ya dakika 4 na kutoka. Mmoja anaingia kila siku alfajiri na kufanya maswali yaleyale 20 mpaka apate yote.

#46 Kitochi95

Hao 3 wa saa za kazi. Nimemaliza.

#47 Kazi za Chuo Faster

Nafanya kazi za vyuo vyote, takwimu, tafiti, bei nafuu, njoo pm.

#48 Pweza wa Nchi Kavu

Idara ya Chaki Mbili inakusalimia.

#49 Chaki Mbili

Wakuu, nimerudi. Jana ilikuwa ile Jumamosi.

Kwanza, nilifungua kozi kwa simu ya mke wangu kama nilivyoagizwa. Video ya wiki ya 2 ilizunguka, ikazunguka, ikacheza dakika 3, bando likakata. Kilichosikika vizuri kuliko sauti yangu ni jogoo wa jirani. Mke wangu amenidai bando lake.

Pili, walikuja 41. Sikurudia mada. Niliwapa maswali 10 ya wiki ya 2 hadi ya 4, kwenye karatasi, bila taarifa wala alama, nikawaambia nataka kujua tuko wapi. Wale 9 wa mfumo: 6 walipata 5 au zaidi, 3 chini ya hapo. Wale 32 "waliopotea": 19 walipata 5 au zaidi. Wawili ambao hawajafungua mfumo tangu siku ya picha walipata 9. Yule wa alfajiri, wa maswali 20, alipata 4.

Nikauliza nani amekwama paswedi. Mikono 11.

#50 Kitochi95

WhatsApp. Nilisema.

#51 Fundi Mitambo

11! Nilisema.

#52 Mkaguzi Mstaafu

Na 13 kati ya 32 hawakufika 5. Hao msiwasahau kwenye sherehe zenu.

#53 Dokta Kalamu

Na hukuwapima kabla ya kozi. Wale wawili wa 9 huenda walikuja wanajua, wastani na asilimia mwalimu wa hesabu anavifanya kila muhula. Huyo wa alfajiri ananisumbua zaidi. Kujipima mara kwa mara husaidia kumbukumbu, watafiti Roediger na Karpicke walionyesha hilo 2006, lakini yeye alikariri majibu ya maswali yaleyale. Je, uliyachanganya?

#54 Chaki Mbili

Sikuyachanganya. Kila akiingia ni yaleyale kwa mpangilio uleule. Alinionyesha daftari lake: "1-B, 2-D, 3-A..." kurasa mbili, kwa kalamu nyekundu na bluu.

#55 Mtoto wa Mlandege

Masikini. Huyo ndiye mwanafunzi wako bora, na wewe ndiye uliyempoteza. Mtengenezee maswali yenye namba zinazobadilika.

#56 Bibi Ubao

46 kutoa 41 ni 5. Hao 5 umewapigia simu?

#57 Chaki Mbili

Nimewapigia leo mchana. Wawili wamehamishwa vituo, mmoja amejifungua (mtoto wa kike, mama mzima), mmoja amesema ataendelea mwakani. Wa tano simu yake haipatikani.

#58 Mwalimu wa Machakos

Kwa hivyo wiki ya 6 unafanya nini? Unatoa kitu au unaongeza tena?

#59 Chaki Mbili

Natoa. Video zote nje, naweka sauti za dakika 8 na pdf ya kurasa 4. Jukwaa nimelifunga. Kila mtu anakusanya namba za shuleni kwake kwa ajili ya wiki ya 10. Paswedi nimewaandikia upya, kila mmoja yake, kwenye kikaratasi. Alama idara bado inakataa.

Na nimegundua kundi la WhatsApp lipo kweli. Linaitwa "Takwimu Bila Mwalimu". Nikawaomba waniunganishe, wakaniunganisha jana jioni. Nilikaa dakika 4, nikatolewa.

#60 Pweza wa Nchi Kavu

Hahahaha! Nani kakutoa?

#61 Chaki Mbili

Kiongozi wa darasa. Amenitumia ujumbe pembeni, kwa heshima zote: "Samahani mkufunzi, ulipoingia watu wote walinyamaza, na tulikuwa katikati ya swali la 6."